Nargis: Mwanamke aliyepewa bunduki mara mbili

Nargis alizaliwa Juni 1, 1929. Sunil Dutt alizaliwa Juni 6 mwaka huohuo. Katika filamu ya Mother India, iliyotoka mwaka 1957, Nargis ni mama na Sunil ni mwanawe wa kumzaa, yule mtukutu ambaye mwishoni mama anampiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Mama kamzidi mtoto siku tano. Miezi michache baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, wawili hao walifunga ndoa.

Mambo ya namna hii huku kwetu tunayaita picha la Kihindi, na hapa hakuna aliyetia chumvi. Lakini tukiweka mapenzi kando, linabaki swali la kazi. Nargis alikuwa na miaka 27 wakati filamu ile inapigwa. Sura yake ilikuwa inajaza kumbi kuanzia Bombay hadi Moscow hadi Unguja. Waigizaji wa kike wa kiwango chake walipigania kubaki wasichana kwenye skrini kwa miaka mingi kadiri ilivyowezekana. Yeye alikubali kupakwa mvi, kukunjwa uso, kutiwa matopeni na kuitwa mama na wanaume wa rika lake. Kwa nini?

Jibu linaanzia mbali, kwenye nyumba aliyozaliwa. Maisha yake yote Nargis alitafuta vitu viwili ambavyo India ya enzi zake haikupenda kumpa mwanamke wa sinema kwa wakati mmoja: kazi nzuri na heshima.

Binti wa Jaddanbai

Jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid, na alizaliwa Calcutta. Baba yake, Uttamchand Mohanchand, alikuwa Mhindu wa tabaka la Brahmin kutoka upande wa Rawalpindi. Akasilimu na kuitwa Abdul Rashid. Alikuwa amekusudia kuwa daktari, lakini udaktari haukuwa. Mwenye nyumba hasa, kwa maana ya kauli na kipato, alikuwa mama, Jaddanbai.

Jaddanbai alitoka katika jadi ya tawaif, wanawake waliofunzwa tangu utotoni kuimba, kucheza na kughani mashairi mbele ya machifu, wakuu na matajiri. Kwa karne kadhaa wanawake hao walikuwa walinzi wa muziki wa kale wa India ya kaskazini. Waheshimiwa walikuja kuwasikiliza, wakawatunza fedha na vito, na hawakuwaoa. Kufikia miaka ya 1930 watawala wa kifalme walikuwa wanafifia, wanaharakati wa maadili walikuwa juu, na jina la tawaif lilikuwa limegeuka kuwa tusi. Miaka ya 1940 redio ya taifa ya India ilifikia hatua ya kuwafungia milango waimbaji wa kike ambao maisha yao ya faragha yalihesabiwa kuwa aibu.

Jaddanbai hakungoja kufungiwa. Sinema ya sauti ilikuwa imeingia India mwaka 1931, na sinema ya sauti ilihitaji watu wanaojua kuimba. Akahamia Bombay, akaanzisha kampuni yake ya filamu, akaigiza, akaongoza, na mwaka 1935 akatunga muziki wa filamu ya Talash-e-Haq, jambo lililomweka miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kufanya kazi hiyo nchini humo. Katika filamu hiyohiyo alimpitisha binti yake mbele ya kamera akiwa na miaka 6, akitambulishwa kwa jina la Baby Rani.

Binti hakuwa na hamu hiyo. Alitaka kusoma, na alitaka udaktari ulioponyoka baba yake. Lakini nyumba yao ya Marine Drive ilikuwa kijiwe cha watu wa filamu, na mmoja wa wageni alikuwa mwongozaji Mehboob Khan, aliyepanda kutoka kijijini Gujarat bila elimu ya maana mpaka akawa na jina Bombay nzima. Mwaka 1943 Mehboob alimpa binti huyo uhusika mkuu katika Taqdeer, akicheza na Motilal, mwigizaji aliyemzidi umri kwa karibu miaka 20. Fatima alikuwa na miaka 14. Kwenye mabango akaitwa Nargis. Masomo yakaishia hapo, na kuanzia hapo familia ikawa inategemea jasho lake.

Bunduki ya kwanza

Mwaka 1949 Mehboob Khan alimrudia Nargis kwa filamu ya Andaz. Ndani yake waliwekwa pamoja vijana watatu ambao wangeitawala sinema ya India kwa miaka iliyofuata: Nargis, Dilip Kumar na Raj Kapoor. Nargis ni Nina, binti wa tajiri, anayepanda farasi, anayevaa suruali, anayecheka na wanaume bila kujifunika uso. Siku farasi anapomshinda, Dilip anamwokoa. Nina anamfanya rafiki na baadaye kumkabidhi usimamizi wa biashara ya baba yake. Yeye anaona urafiki. Dilip anaona mapenzi. Nina tayari ana mchumba wake, Rajan, na baada ya harusi Rajan naye anaanza kuona alichokiona Dilip. Mwisho wake Nina anashika bunduki, anamuua Dilip, na mahakama inamfunga maisha.

Filamu inamhukumu mara mbili. Hakimu anamfunga kwa kuua. Hadithi yenyewe inamfunga kwa kucheka na wanaume. Nina anaenda gerezani akikiri kwamba baba yake alisema kweli alipomwonya juu ya mambo ya kizungu. Mtazamaji wa leo anaweza kukereka, lakini aangalie anachofanya Nargis ndani ya uhusika huo. Uso wake unabaki wa mtu aliyeshangaa kweli, mtu ambaye hajui kosa lake liko wapi, hata pale maneno ya kinywani yanapokiri. Hapo ndipo uigizaji wake ulipotofautiana na wa wenzake. Waigizaji wengi wa kike wa wakati ule walikuwa bado wanaigiza kama wako jukwaani, kwa mikono na macho ya kukodoa. Nargis alizungumza kama watu wanavyozungumza.

Miaka ya RK

Raj Kapoor alipenda kusimulia namna walivyokutana. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, anatafuta ukumbi wa kupigia filamu, akaenda nyumbani kwa Jaddanbai kuulizia. Nargis ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa jikoni anakaanga bajia, mkono umejaa unga wa dengu, na alipoupandisha kuondoa nywele usoni, unga ukabaki kwenye nywele. Raj hakuisahau picha hiyo. Mwaka 1973, miaka 25 na ushei baadaye, aliiweka kama ilivyo katika filamu yake Bobby, safari hii mlango ukifunguliwa na Dimple Kapadia.

Mwaka 1948 Nargis alicheza katika Aag, filamu ya kwanza Raj aliyoiongoza. Mwaka uliofuata ikaja Barsaat, na humo kuna onyesho ambalo Raj amesimama na fidla mkononi huku Nargis ameegemea mkono wake wa pili. Picha hiyo ikageuzwa nembo ya kampuni ya R.K. Films, ikaendelea kutangulia kila filamu ya kampuni hata miaka mingi baada ya Nargis kuondoka.

Kwa jumla walicheza pamoja filamu zipatazo 16. Walikuwa wapenzi, na Bombay yote ilijua. Raj alikuwa ameoa tangu mwaka 1946, mkewe Krishna akimzalia watoto, na hakuwa na mpango wa kumwacha. Nargis akawa mwenzi wa kazi, mshauri, uso wa kampuni, na mtu wa karibu kila kitu isipokuwa mke. Kwa binti wa tawaif, hali hiyo ilikuwa na uchungu wake. Mama yake aliyefariki mwaka 1949 alikuwa ametumia maisha yake kuitoa familia katika nyumba ambazo wanaume huja na kuondoka.

Kuna kisa kidogo kinachoonyesha namna mambo yalivyochanganyika. Katika Shri 420 ya mwaka 1955 kuna onyesho maarufu la mvua, Raj na Nargis wako chini ya mwavuli mmoja, na watoto watatu waliovaa makoti ya mvua wanapita barabarani. Watoto wale walikuwa wa Raj na Krishna. Mmoja wao, Rishi, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota kwa haki yake, alikuwa bado mdogo mno. Amesimulia kwamba maji yalimwingia machoni akawa analia kila mara, mpaka Nargis akamwahidi chokoleti ndipo akakubali kutembea.

Rita mahakamani

Filamu iliyowapeleka ulimwenguni ni Awaara ya mwaka 1951, iliyoandikwa na Khwaja Ahmad Abbas. Kijana Raj amekulia katika umaskini na wizi kwa sababu baba yake, jaji tajiri, alimfukuza mama yake akiwa mjamzito kwa shaka tu. Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi, na mtoto wa mtu mwema atakuwa mtu mwema. Bila kujua, anamtengeneza mwizi kutoka damu yake mwenyewe.

Nargis ni Rita, mwanasheria kijana. Filamu inafunguka mahakamani. Mshtakiwa hana wakili. Anasimama Rita amevaa joho jeusi, anaomba kumtetea, na shahidi wa kwanza anayembana kwa maswali ni jaji huyohuyo, mzee aliyemlea kama binti yake. Hii ni 1951. India ina miaka minne ya uhuru na katiba yake mpya ina mwaka mmoja. Kumwona mwanamke wa miaka 22 akimhoji jaji hadharani, kwa sauti isiyopanda wala kutetemeka, lilikuwa jambo jipya kwa watazamaji wengi. Filamu ina kasoro zake: mwanamke huyohuyo mwenye joho anapigwa makofi ufukweni na mpenzi wake, na hadithi inalipitisha jambo hilo kama sehemu ya mapenzi. Lakini mtu anayetoka ukumbini anaondoka na Rita wa mahakamani.

Mwaka 1954 Awaara ilipelekwa Umoja wa Kisovieti pamoja na ujumbe wa wasanii wa India, Raj na Nargis wakiwemo. Waliotazama huko wanahesabiwa kuwa zaidi ya milioni 60. Filamu ikaenda Uturuki, Uchina na Mashariki ya Kati, na kila mahali watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo zake.

Pwani yetu haikuachwa nyuma. Filamu za Kihindi zilikuwa zikiingia kwa njia ileile ya bahari iliyoleta vitambaa na viungo, na kufikia miaka ya 1950 Jumapili ya sinema ilikuwa desturi Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Mwanahistoria Mmarekani Laura Fair, aliyezungumza na wazee wengi wa Unguja na bara kuhusu sinema, ameandika utafiti mzima kuhusu mapokezi ya Awaara Zanzibar. Watu walipanga foleni, walanguzi wakauza tiketi kwa bei ya kuruka, na wanawake walikuwa na maonyesho yao wenyewe. Kilichozungumzwa majumbani baada ya hapo hakikuwa nyimbo peke yake. Je, damu ndiyo inayomfanya mtu, au malezi? Je, binti wa nyumba kubwa anaweza kumchagua kijana asiye na ukoo? Katika mji ambao ndoa zilipangwa na wazee na ukoo uliulizwa kabla ya jina, hayo hayakuwa maswali ya Wahindi tu. Na nyimbo nazo zilikaa. Mombasa ikamtoa Juma Bhalo, ambaye aliwateka wapenzi wa taarabu kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi.

Bunduki ya pili

Katikati ya miaka ya 1950 Nargis alikuwa anaona mambo mawili. Ndoa ya Raj Kapoor haitakuja. Na ndani ya R.K. Films uhusika wake ulikuwa unapungua. Filamu zilizidi kuwa za Raj na kofia yake, Nargis akibaki kama kioo cha kumwonyesha Raj. Katika Jagte Raho ya mwaka 1956, ambayo ndiyo kazi yao ya mwisho pamoja, anatokea dakika za mwisho tu. Mwanakijiji mwenye kiu aliyehangaika usiku kucha mjini bila kupewa maji anamkuta mwanamke anateka alfajiri. Mwanamke anammiminia maji viganjani, na filamu inaisha. Kama ilikuwa kuagana, waliagana vizuri.

Mehboob Khan alikuwa anamngoja. Mwaka 1940 alikuwa ametengeneza filamu iitwayo Aurat, kuhusu mkulima mwanamke anayelea watoto peke yake katikati ya njaa na madeni. Sasa alitaka kuirudia kwa rangi, kwa ukubwa, na kwa jina ambalo lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa kitabu cha mwandishi Mmarekani Katherine Mayo cha mwaka 1927, kilichowakashifu Wahindi na kuwakasirisha kwa miaka 30. Kitabu kiliitwa Mother India. Filamu ikalitwaa jina hilohilo.

Radha anaingia kijijini akiwa bibi harusi. Harusi imegharimiwa kwa mkopo wa rupia 500 kutoka kwa mkopeshaji Sukhilala, na riba ya mkopo huo ndiyo inayoila familia: robo tatu ya mavuno inakwenda kwa mkopeshaji, mwaka baada ya mwaka, na deni halipungui kwa sababu wenye deni hawajui kusoma hesabu. Mume anavunjwa mikono na jiwe shambani, anashindwa kustahimili kulishwa, anaondoka usiku asirudi. Mafuriko yanakuja. Mtoto anakufa. Ng'ombe hawapo tena, kwa hiyo Radha anajifunga plau begani mwenyewe na kulima.

Ni onyesho linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Nargis ameinama mpaka uso unakaribia udongo, kamba imemkaa begani, watoto wanasukuma nyuma. Mpiga picha Faredoon Irani anamweka chini ya mbingu kubwa, na yeye anavuta kweli, shingo inaonyesha. Kumbuka kwamba miaka sita nyuma mwanamke huyu alikuwa Rita, na mwaka mmoja nyuma alikuwa binti wa milionea katika Chori Chori.

Wana wawili wanakua. Ramu ni mtiifu. Birju, aliyeigizwa na Sunil Dutt, haisahau riba wala bangili za mama yake zilizochukuliwa na mkopeshaji. Anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala, anamteka binti yake siku ya harusi. Radha anasimama njiani na bunduki. Anamwambia mwanawe amwachie msichana. Birju hamwachii, akiamini mama hawezi kumuua mwanawe. Mama anaweza.

Watazamaji wa mitaani kwetu walikuwa na kanuni yao ya sinema: steringi hafi, adui ndiye anayekufa. Mother India iliivuruga. Anayekufa ni kijana ambaye ukumbi mzima ulikuwa upande wake, na anayeua ni steringi mwenyewe, mama yake mzazi.

Sasa mweke Radha kando ya Nina wa Andaz. Mwongozaji ni yuleyule, mwigizaji ni yuleyule, bunduki ni ileile kwa maana yake. Mwaka 1949 mwanamke anamuua mwanaume na kufungwa maisha. Mwaka 1957 anamuua mwanaume na kijiji kizima kinamwita mama. Filamu inaanza akiwa kikongwe anayebembelezwa kufungua mfereji mpya wa maji. Kilichobadilika kati ya filamu hizo mbili ni cheo cha mwanamke. Nina alikuwa msichana mwenye hiari yake. Radha ni mama, mke aliyeachwa na mumewe, hana tamaa ya nafsi yake, na anaua kulinda heshima ya binti wa mtu mwingine. Sinema ya India ilikuwa tayari kumpa mwanamke nguvu zote, kwa sharti kwamba asizitumie kwa ajili yake mwenyewe. Nargis aliuelewa mkataba huo, na akausaini.

Moto wa Umra

Machi 1, 1957, kikosi kilikuwa kinapiga picha Umra, kijiji cha karibu na Surat katika Gujarat. Birju amejificha katikati ya marundo ya nyasi kavu, wanakijiji wanayatia moto, mama anakimbia ndani kumtafuta. Upepo ukabadilika. Moto ukamzingira Nargis asione pa kutokea. Sunil Dutt akachukua blanketi, akaingia, akamtoa. Nargis alisalimika akiwa na majeraha madogo. Sunil aliungua kifua na uso, akalazwa na homa kali. Nargis akamuuguza.

Sunil hakuwa mtu wa hadhi yake kisinema. Alikuwa mkimbizi wa mgawanyiko wa India wa mwaka 1947, kutoka wilaya ya Jhelum iliyobaki Pakistani, aliyewahi kuwa mtangazaji wa Redio Ceylon akihoji nyota kama Nargis. Walioana Machi 11, 1958. Yeye Mhindu, bibi harusi Mwislamu, miaka 11 tu baada ya damu ya mgawanyiko. Kwa mwanamke aliyeishi miaka mingi akiwa mpenzi wa mume wa mtu, Sunil alileta kitu ambacho umaarufu haukuweza kununua: alimuoa mbele za watu, akijua historia yake yote, na hakuiona kuwa deni.

Mwaka huo wa 1958 ulimletea kila kitu kwa mkupuo. Alipata tuzo ya Filmfare, tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary huko Czechoslovakia, na nishani ya Padma Shri kutoka serikali ya India. Mother India ikawa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikaishia nyuma ya kazi ya Federico Fellini, Nights of Cabiria. Kaskazini mwa Nigeria, mtafiti Brian Larkin aliikuta ikijaza ukumbi Kano miongo kadhaa baada ya kutoka, watu wakiimba na kutamka maneno kabla ya waigizaji.

Na hapo, akiwa na miaka 28, Nargis akaacha.

Bi Dutt

Walizaliwa watoto watatu: Sanjay mwaka 1959, kisha Namrata na Priya. Nargis na mumewe waliunda kikundi cha wasanii cha Ajanta, kilichosafiri hadi mipakani kuwaburudisha wanajeshi. Alijitoa kwa watoto wenye ulemavu wa mtindio wa ubongo, akawa mlezi wa chama kilichoanzishwa Bombay mwaka 1972 kuwahudumia.

Mara moja tu alirudi kwa kazi nzito. Raat Aur Din ilichukua miaka kukamilika na kutoka mwaka 1967. Nargis ni Varuna, mke mtulivu wa nyumba ya heshima, ambaye usiku anageuka Peggy, anavuta sigara, anakunywa na kucheza kwenye vilabu, na asubuhi hakumbuki chochote. Alitunukiwa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, iliyotolewa kwa mara ya kwanza kwa filamu za mwaka ule. Hadithi inamwita mgonjwa. Anayejua maisha ya Nargis anaona zaidi: mwanamke mmoja aliyelazimika kugawanyika wawili, kwa sababu hakuna nyumba iliyokuwa tayari kuwapokea wote.

Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge. Huko alizua mjadala unaokumbukwa mpaka leo kwa kumlaumu mwongozaji Satyajit Ray kwamba anauza umaskini wa India nje ya nchi badala ya kuonyesha nchi ya kisasa na mabwawa yake. Wasomi walimcheka: je, Radha aliyefunga plau begani alikuwa tajiri? Lakini ukiitazama upya Mother India, utaona kwamba inafunguka kwa matrekta, bwawa na mfereji. Kwa Nargis, umaskini wa Radha ulikuwa na mwisho, na mwisho huo ulikuwa maji ya serikali. Alikosea kuhusu Ray. Hakujipinga mwenyewe.

Mwaka huohuo aliugua. Ilikuwa saratani ya kongosho. Alitibiwa New York kwa miezi, akarudi, na akafariki Bombay Mei 3, 1981, akiwa na miaka 51. Siku chache baadaye filamu ya kwanza ya mwanawe Sanjay, Rocky, ilizinduliwa, na ukumbini kiti kimoja kiliachwa wazi.

Sanjay amesimulia hadharani kwamba wakati ule alikuwa amezama katika dawa za kulevya, na kwamba hakumlilia mama yake mpaka baadaye, alipofunguliwa kanda ambazo mama alizirekodi hospitalini akimuusia. Miaka ya 1990 alifikishwa mahakamani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria, na akaja kutumikia kifungo. Magazeti ya India hayakuchoka kumwita Birju. Ulinganisho huo una ukatili, na una kosa pia. Nargis aliigiza mama aliyemuua mwanawe kwa ajili ya kijiji. Nyumbani alikuwa mama kama wengine, aliyemtetea wa kwake mpaka mwisho. Kuigiza Radha ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri mno kiasi kwamba watu walimdai aiishi.

Mumewe alianzisha kwa jina lake mfuko wa kusaidia wagonjwa wa saratani. Serikali ya India nayo ililiweka jina la Nargis Dutt kwenye tuzo ya filamu inayohimiza umoja wa taifa. Mwaka 2024 ilipofanya mabadiliko ya tuzo zake, jina hilo likaondolewa.

Kazi zake, hata hivyo, zipo, na nyingi zinapatikana kirahisi kwenye intaneti. Aliyewahi kuimba wimbo wa Awaara bila kujua maneno yake, na mwenye mzazi aliyelia katika Mother India, wote nawashauri jambo moja. Tafuteni Andaz na Mother India, mzitazame kwa mfuatano huo wikiendi moja. Mtamwona mwanamke mmoja akishika bunduki mara mbili, mara ya kwanza akifungwa na mara ya pili akitukuzwa. Kisha jiulizeni ni sinema ngapi tunazotengeneza leo, hapa kwetu, zinazomruhusu mwanamke kuwa na nguvu bila kumlazimisha kwanza awe mama wa watu wote.